Bwana Nyama na Kicheche Wake

Sitamtaja jina. Lodwar nzima ilimwita Bwana Nyama, kwa kuwa zamani aliajiriwa kulinda wanyama wa porini, na hata alipoachishwa kazi jina lilimbakia. Na mimi nitamwita hivyo. Alikuwa shemeji yangu, mtu wa dada yangu mkubwa, na nilimchukia kwa miaka mingi bila kuchoka. Kwa ajili yake dada yangu alivua shanga zote shingoni, akanyolewa kichwa, akakaa msibani, na huku mwenyewe yu hai anakunywa chai Kakuma. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilianza kwa wema nikageuka njiani.

Kitu kingine cha kujua mapema ni habari ya ng'ombe. Kwetu Waturkana mwanamume anaweza kuishi na mwanamke, wakajenga, wakazaa, wakagombana na kupatana, lakini mpaka fahali wa arusi achinjwe nyumbani kwa baba wa mwanamke na wazee wamle, huyo si mume bado. Watoto wanabaki wa babu yao mzaa mama na wanaitwa kwa jina la huko. Bwana Nyama hakuchinja. Mwaka wa ukame alisema tungoje mvua. Mvua ikaja, akasema ng'ombe bado wamekonda. Wakanenepa, akasema kuna ugonjwa wa mifugo upande wa Kataboi. Baba yetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema siku moja kwamba huenda shemeji anangoja punda amzalie fahali, na tangu hapo hakumuuliza tena. Dada alikuwa na jibu lake moja tu. "Ataleta," alisema, kisha akaendelea na kazi.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole virefu ambavyo havikupenda jembe wala nyundo. Kila alikokwenda alibeba ekicholong chake, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kulaza kichwa juu yake anapopumzika. Alipenda kukiweka mlangoni pa jikoni, katikati kabisa, hata dada akitoka na sufuria ya moto ilibidi amruke. Ukimwambia asogee alikutazama taratibu, utadhani wewe ndiye mgeni. Mwanzoni nilidhani ni kiburi cha mshahara. Mshahara ulikoma, na yeye akaendelea kukaa pale pale.

Mapenzi yake yote aliyaweka kwa mnyama mmoja, tena mnyama ambaye kila mwenye pua humkimbia. Kicheche. Kama hujamwona, ni mdogo, hamfikii paka, miguu mifupi, mweusi, na mistari minne myeupe inayoshuka kutoka kichwani mpaka kwenye mkia wenye manyoya marefu. Bwana Nyama alilipwa kuangalia swala na punda milia, na wazungu walikuja mbali kuwaona hao, lakini yeye hakuwa na habari nao. Alisema swala ni mbuzi mwenye bahati. Kicheche ndiye aliyemfanya aamke alfajiri, akatembee kando ya mto Turkwel kwenye vichaka vya mathenge, na arudi jua likiwa limepanda, suruali imejaa miiba, mikono mitupu, na uso wa mtu aliyetoka arusini.

Akirudi alikuwa na maneno. Mtu huyu ambaye hangeweza kukuambia mwanawe anasoma darasa la ngapi, angekueleza kicheche mpaka uji upoe. Hutoka jua likishazama, peke yake, maana hapendi mwenziwe. Hutembea kwa haraka, mgongo umepinda, pua chini. Akisikia kitu ndani ya ardhi husimama, hugeuza kichwa, halafu hufukua kwa zile kucha ndefu za mbele na kumtoa funza wa mbawakawa, na kumtafuna kwa kelele. Hula panya, nge, mayai, vifaranga, na nyoka wadogo pia. Humng'ata nyoka, humwachia, humrudia, mpaka nyoka achoke. Shimo lake akijisikia mvivu halichimbi, huingia la mwingine. "Ukitaka kumjua mnyama," alikuwa akisema, "kaa upande ambao upepo haukupendi." Maana yake ukae pale ambapo harufu inakujia wewe, si pale ambapo yako inamfikia yeye. Aliyafuata hayo kwa kicheche. Kwa watu alikaa upande wowote uliokuwa na kivuli.

Jambo lililompendeza kuliko yote ni namna kicheche anavyokufa. Mbwa akimkabili, kwanza huvimba manyoya na kunguruma. Mbwa asiporudi nyuma, humgeuzia matako, mkia juu, na kumrushia yale majimaji yake. Harufu hiyo sina haja ya kuieleza. Ukiipata kwenye nguo, nguo ni ya kuchoma. Na ikitokea mbwa ana njaa kuliko pua, akamshika, basi kicheche hulegea. Mdomo wazi, ulimi nje, miguu imekwisha. Unaweza kumburuta, kumgeuza, kumrusha. Mbwa humwacha, maana nyama iliyokufa inayonuka hivyo si ya kupigania. Baadaye kicheche huinuka na kwenda zake.

Nilimwambia mara moja kwamba mnyama wake ni mwongo. Alikasirika kweli, na hakuwa mtu wa kukasirika upesi. "Usimwite mwongo," alisema. "Mwongo anajua anachosema. Huyu mwili umefunga duka tu. Mbwa ndiye anayejisemea kwamba amekufa."

Nikiri kwamba maneno hayo yalinikaa, na mpaka leo sijafanikiwa kuyatoa.

Kuna siku alikuwa akitueleza uzazi wao. Dada alikuwa ananyonyesha mtoto wa pili, mimi, fundi wa nguo, napinda shati la mteja kwa mkono, na yeye yuko mlangoni juu ya kigoda. Akasema jike na dume hukutana muda mfupi tu, kisha jike humfukuza dume. Huzaa mmoja, au wawili, au watatu, vipofu, ngozi nyekundu isiyo na unyoya, lakini ukitazama vizuri mistari imeshachorwa kwenye ngozi yenyewe. Jike hulea peke yake. Dume hajui wanawe, akikutana nao porini hawezi kuwatofautisha na wengine.

"Si kosa lake," alisema. "Ndivyo alivyoumbwa."

"Na wewe uliumbwa vipi?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa upole mwingi. "Shemeji, wewe una mdomo. Ndiyo maana cherehani yako inakuletea nguo za watu na haikuletei mtu."

Dada akacheka. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alicheka, na mtoto akatikisika kifuani pake kwa kicheko hicho.

Kwa haki, aliweza kumchekesha. Aliigiza fisi anayejifanya hana njaa, mkuu wa kituo akivaa kofia, na baba yetu akikataa sukari na huku anaisogeza. Watoto aliwafundisha kusoma nyayo kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, wakajua huyu ni mbuzi wa nani na huyu ni nguchiro aliyepita asubuhi. Siku hizo nyumba ilikuwa na raha. Lakini raha haijengi choo, na choo cha dada nilimwita fundi mimi.

Mkasa wa katekista utakuonyesha alivyokuwa. Vijana wa Kanamkemer walimkuta kicheche karibu na kanisa, wakamwachilia mbwa, wakampiga fimbo, akalala. Katekista, mtu safi asiyependa uchafu uwanjani kwa Mungu, akamtia kwenye gunia na kumwomba dereva wa lori la Kalokol akamtupe mbele huko jangwani. Gunia likawekwa juu ya unga, kati ya abiria. Lori lilikuwa halijafika mbali kicheche alipoamka. Wanawake wa Kalokol, waliozoea harufu ya samaki mkavu tangu kuzaliwa, waliruka lori likiwa bado linatembea. Mmoja akavunjika mkono. Unga wote ukaenda kwa punda, na nasikia punda nao walifikiria kwanza.

Habari zilipofika mjini, Bwana Nyama alimwendea katekista mbio. Sisi tulidhani anakwenda kumpa pole, maana yule mwanamke aliyevunjika alikuwa mtu wa kanisani kwake.

"Gunia lilikuwa limefungwa na nini?" alimuuliza katekista.

"Kamba tu, mzee."

"Na alikimbilia upande gani?"

"Nani?"

"Kicheche."

Katekista hakujua. Bwana Nyama akaondoka akitikisa kichwa, akatembea mpaka mahali penyewe kwenye jua lile, akarudi jioni akasema amezikuta nyayo, zimeelekea kwenye mawe, na mnyama hachechemei. Alifurahi sana. Habari ya mkono wa mtu hakuiuliza siku ile wala nyingine.

Halafu akapata kicheche wa kwake. Jike mmoja alikuwa ameingia shimo chini ya banda la kuku la dada, na mtu mwenye akili angelimwaga maji ya moto mle. Bwana Nyama alizungushia shimo miiba ili mbwa wasifike. Vifaranga vikaanza kupungua. Dada akimuuliza, alisema ni mwewe. Mwewe haji usiku, tukamwambia. Basi ni nyoka, akasema, na bila huyu kicheche nyoka wangekuwa wengi zaidi na wangewauma watoto. Mimi nilileta kijana mwenye fimbo, na Bwana Nyama akasimama mbele ya shimo na kututisha kwa sheria ya serikali, yeye ambaye serikali ilikuwa imeshamvua mpaka viatu. Kijana akaondoka. Dada akasema tuache tu, vifaranga vitazaliwa vingine.

Alikuwa mwema kwa kila kiumbe ambacho hakingeweza kumwomba kitu. Hilo nililigundua mapema na nililisema mara nyingi, na dada alinijibu kwamba mimi natafuta kwa watu kile ambacho Mungu hakuweka.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 mtu alimletea habari kwamba juu huko, kuvuka Lokichoggio, wafugaji wamemwona kicheche mweupe mwili mzima. Ungedhani ameitwa kazini. Alibeba koti, kigoda na fimbo, akapanda lori. Dada alimwuliza atarudi lini. "Nikimwona," alisema.

Wafugaji aliokwenda nao walivamiwa mlimani. Risasi zililia, mifugo ikachukuliwa, watu wakatawanyika, na wengine hawakurudi. Waliopona walipokwenda kutazama walikuta koti la Bwana Nyama kwenye mwiba na, chini ya jiwe, ekicholong chake. Wakatuletea.

Sasa hapa mtu wa mbali atatucheka, na acheke. Koti si kitu, mtu huacha koti. Lakini mwanamume wa Kiturkana kuacha kigoda chake na kwenda zake mwenyewe, hilo hatujawahi kuliona. Wazee walikishika, wakakigeuzageuza, wakamrudishia dada bila kusema, na hapo kila mtu akajua. Mwili hakuna aliyeuuliza. Zamani watu wetu wengi hawakuzikwa, waliachwa porini, na mlimani kule fisi hawachelewi. Tulikilia kile kigoda. Dada alikaa nacho mapajani wanawake wakimnyoa, akavua shanga zake kamba moja moja mpaka shingo ikabaki nyembamba ya kutisha. Nilikuwa sijaiona shingo yake tangu tukiwa wasichana.

Nilimlilia na mimi. Nashangaa kusema hivyo, lakini nililia.

Ndugu zake walikuja baada ya muda si mrefu, watatu, na viatu vyao vya ibada. Walimtaka mjane na watoto. Mdogo wao mmoja angemchukua dada nyumbani kwake, kama desturi ilivyo. Baba aliwapa tumbaku na kivuli, akawaacha wamalize maneno yao yote mazuri. Kisha akasema, "Katika nyinyi, nani alikula ng'ombe wa binti yangu? Anayekumbuka utamu wake aniambie."

Wakatazama chini. Mkubwa wao akasema marehemu alikuwa na nia.

"Nia hatukuila," baba akasema.

Waliondoka na lile koti. Nilimheshimu Bwana Nyama siku hiyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu uvivu wake ulikuwa umemwacha dada huru. Watoto wakaandikwa shuleni kwa jina la baba yetu, na dada akaja kwangu dukani akakaa kwenye cherehani ya pili. Mwaka ule Lodwar ilijaa wageni kwa ajili ya mafuta yaliyopatikana, na baadaye kampeni, na kila mtu alitaka kushonewa. Dada alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Kwa miezi mingi bado alimwekea kicheche maji kwenye kibakuli kando ya banda, na nikimwambia alisema ni mnyama wa marehemu. Kisha asubuhi moja nilimkuta anajaza lile shimo mawe. Mnyama alikuwa ameshahama, alisema. Jioni alinunua shanga za bluu, chache, akazivaa.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2013 tulipokwenda Kakuma kununua vitenge. Kule kwenye kambi ya wakimbizi kuna Mkongo ambaye vitenge vyake havichuji, na dada alipenda kubishana naye kwa sababu Kiswahili chake kilimfurahisha. Niliwaacha wakivuta kitambaa huku na huku, nikaenda kutafuta chai kwenye kibanda cha mama mmoja wa Sudan Kusini, mnene, mcheshi, mwenye msalaba mkubwa shingoni.

Niliisikia sauti kabla sijaingia.

"Usimwite mwongo," sauti ilikuwa ikisema. "Analala kwa sababu mwili umekataa."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, vijana wa Kisudani wamemzunguka na vikombe vyao. Alikuwa amezeeka, ndevu nyeupe, shati safi. Mmoja wa vijana akamuuliza, "Mzee, na hiyo kitu ikiamka, inafanya nini?" Akafungua mdomo kujibu, akaniona, akaufunga.

Nilimtazama vizuri. Nilitaka awe mzimu, maana mzimu ningeuogopa tu na mambo yakaisha. Aliinuka akanishika mkono, akanitoa nyuma ya kibanda, kwenye kivuli cha mabati.

"Ejok, shemeji," alinisalimu.

"Hakuna ejok hapa. Sisi tulikulilia."

"Nilisikia."

"Ulisikia ukakaa?"

Akasugua vile vidole vyake. Akasema risasi zilipolia alikimbia bila kitu, akalala kwenye mawe mpaka watu wakaondoka, miguu ikaenda upande ulioteremka, akafika Kakuma na homa. Huyu mama wa chai alimpa kona ya kulala. Naye Bwana Nyama hutoa nyoka na nge kwenye nyumba za watu, na watu humpa chakula. Alipopona alisikia kwamba Lodwar msiba umeshakaliwa. "Mimi sikumwambia mtu nimekufa, shemeji. Mlisema nyinyi."

"Kicheche hulala mbele ya mbwa," nikamwambia. "Wewe ulimlalia nani? Dada yangu ni mbwa?"

Nilikuwa nikijiandaa kumburuta kwa kola mpaka stendi ya malori, apelekwe Lodwar, asimamishwe mbele ya wazee na kuaibishwa. Kisha akasema neno lililonipoza damu.

"Nimepata ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa arusi. Fahali mzuri, mweusi. Yuko kwa mfugaji njia ya Lokichoggio. Mwezi ujao nampeleka kwa mzee wenu, tumalize. Watoto waitwe kwangu." Kisha akauliza, "Binti amekua? Anafika wapi sasa?"

Nikamwelewa. Binti, mtoto wa kwanza wa dada, alikuwa msichana mkubwa, karibu wataanza kuja watu kumposa. Fahali akichinjwa, binti ni wake na mahari ni yake, mwana ni wake, na dada anatoka kwenye cherehani anarudi kuruka kigoda mlangoni. Na baba yangu asingekataa. Ni mtu wa haki ya kizamani. Amengoja ng'ombe huyo miaka yote, na akimwona langoni atasema ahadi imefika, hata kama moyo unamuuma. Wazee wangeuliza jambo moja tu, wangemuuliza dada mwenyewe: huyu ndiye mtu wako? Na dada hajawahi kusema uongo mbele ya wazee.

"Hatakukubali," nilisema, na sauti yangu mwenyewe haikuniamini.

"Aliningoja siku zote," akasema, kwa upole ule ule. "Unajua wewe. Akiniona tu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka zaidi kukimbia, nimkute dada kwa Mkongo, nimpakie kwenye lori lolote kabla hajapita hapa. Nikageuka, na nilipozunguka kona ya kibanda nilimkuta ameshaingia, ameketi, furushi la vitenge miguuni, mama wa chai anammiminia. Bwana Nyama alikuja nyuma yangu. Hakuna pa kujificha kwenye kibanda cha hatua chache. Dada akainua kichwa.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Wake ulitulia tuli, kikombe kikasimama njiani kati ya meza na mdomo. Alimtazama kuanzia miguuni. Nilimwona akimjua. Nilijua pia alivyompenda, nikaona yote yamepotea, duka, cherehani, binti, kila kitu, kwa sababu ya macho yale mawili ya mzee mmoja asiye na haya.

Bwana Nyama akatabasamu, akanyoosha mkono. Alikuwa na uhakika, maskini.

Mama wa chai hakujua chochote. Aliona mgeni anamtazama mzee wake, akataka kuwajulisha, akamshika Bwana Nyama bega. "Hii mzee yetu," akamwambia dada. "Mzuri sana, anatoa nyoka. Lakini roho yake iko na uchungu. Bibi yake alikufa huko Lodwar. Kila siku anatuambia, bibi alikufa, bibi alikufa. Haina mtu hii mzee. Miskin."

Wale vijana wakatikisa vichwa. Walikuwa wameisikia habari hiyo, ilionekana, mara nyingi.

Nilimwangalia Bwana Nyama. Tabasamu lilikuwa bado lipo lakini halikuwa na kazi tena. Kumbe wakati sisi tunamlilia Lodwar, yeye alikuwa ametuzika Kakuma, na akawa anapewa chai kwa ajili yetu.

Dada aliweka kikombe chini. Aliinuka, akajifuta kiganja kwenye kitenge, akaushika ule mkono aliokuwa amemnyooshea, akaushika kwa mikono yake miwili kama anavyoshikwa mfiwa.

"Pole sana, mzee," alisema. Aliongea Kiswahili, ambacho hawakuwahi kuongea pamoja hata siku moja. "Nimesikia ulifiwa na mke. Mungu amlaze. Na wewe akupe nguvu, kwa sababu aliyekufa harudi."

Vijana waliteremsha vikombe kwa heshima. Mama wa chai alijifuta macho na ncha ya leso. Wote walikuwa wakimtazama Bwana Nyama, na mtu akipewa pole hujibu.

"Asante, mama," alisema.